Dumu la Ukumbini

Baba yangu alikuwa amebakiwa na hamu moja tu: kufika nyumbani Kilimanjaro akiwa bado anapumua. Aliniambia hivyo siku hospitali walipomruhusu, kwa ile ruhusa ambayo kila mtu wodini anajua maana yake na hakuna anayeisema. "Nimekaa Kariakoo miaka thelathini," alisema. "Sitaki kukaa zaidi." Hata ugonjwani aliongea kama mtu anayefunga duka, neno moja kwa mteja wa mwisho, kisha komeo.

Nikamwahidi kwamba nitampeleka. Mimi binti yake ndiye mtoto pekee niliyekuwa mjini, mpiga chapa katika ofisi moja ya Posta, na nilikuwa na ile jeuri ya mtu ambaye hajawahi kushindwa na jambo kubwa. Tena gari tulikuwa nalo.

Lilikuwa stesheni wageni kuukuu, lile gari refu la mlango wa nyuma, rangi ya maziwa, ambalo Baba alilinunua mkononi mwa mtu zamani, wakati duka lake la vipuri vya baiskeli lilipokuwa bado na vipuri. Kila Desemba tulipanda humo, mizigo hadi juu ya keria, tukaenda kwetu kama Wachaga wote wa mtaa ule, na kila Januari tulirudi na mikungu ya ndizi na udongo mwekundu kwenye matairi. Tangu maradhi yamshike, Baba hakuweza kukaa kitako zaidi ya dakika chache. Basi lisingemfikisha hata Chalinze. Kwenye treni nafasi za kulala zilikuwa zimejaa kwa wiki nyingi mbele, na ukishuka Moshi bado una saa nzima ya kupanda mlima kwenye tope. Lakini nyuma ya gari lile, ukikunja viti, godoro dogo liliingia bila kukunjwa. Nililijaribu mwenyewe. Siku moja gari likiwa limesimama mlangoni Baba alilala humo, akatazama paa kwa muda, akasema inatosha.

Kilichokosekana ni petroli. Anayeikumbuka miaka ile hahitaji kuelezwa, na asiyeikumbuka ataona natia chumvi: kila kitu kilikuwa na foleni, sukari, sabuni, unga, mpaka kitambaa cha sanda. Petroli ilitoka kwa kibali, na vituo vilikatazwa kujaza madumu. Gari lako likifa ndiyo basi, kwa sababu magari hayakuuzwa kwa watu kama sisi; uliandika barua ya kuomba kibali cha kununua, ukazeeka unangoja majibu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini baadaye nililia mbele ya mtu aliyetaka kunipa pesa.

Dereva mmoja wa ofisini kwetu aliniahidi dumu moja la petroli kila wiki, mpaka yatimie manne ya safari. Sikumuuliza anaitoa wapi. Tulipatana kwamba siku ya dumu niliache tupu ukumbini, karibu na mlango, naye atalipitia asubuhi nikiwa nimeshatoka, na nikirudi kazini nitalikuta limejaa pale pale. Lilikuwa dumu letu la siku zote, la bluu. Lilibeba petroli miaka mingi kiasi kwamba hata likiwa tupu lilikuumiza kichwa kwa harufu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ile ya Kiswahili, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati na ua nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizaramo aliyeishi chumba cha mwisho, na wapangaji wote tulimwita Bibi. Alikuwa na desturi moja ambayo mtaa ulimpendea. Akisikia duka la ushirika limeletewa kitu, alikusanya vyombo vya nyumba nzima, chako na cha jirani yako, bila kuuliza, akaenda kuvipanga foleni. Siku zile chombo kilisimama badala ya mtu. Ungekuta madumu, makopo na vikapu vimejipanga kutoka mlangoni mpaka kona, wenyewe wamekaa barazani wanapiga soga, na hakuna aliyethubutu kuruka dumu la mwenzake. Bibi alikuwa jemadari wa foleni hizo. Mara nyingi nilirudi kazini nikakuta sukari yangu imeshanunuliwa, nikamrudishia pesa yake na kusahau kushukuru.

Alhamisi ya dumu la kwanza nilirudi saa tisa alasiri nikalikuta pale pale nilipoliacha, limejaa mpaka shingoni. Nikamsifu yule dereva moyoni. Kulikuwa na jamaa Magomeni aliyeniwekea tairi la akiba kwa ajili ya safari, na aliniambia nisipolichukua siku hiyo atampa mwingine. Tangi la gari lilikuwa karibu kavu. Nikamimina nusu ya dumu kwa haraka, mfuniko mkononi, mawazo yote kwenye tairi. Harufu ya petroli ilinijaa puani. Ilikuwa harufu ya dumu, lakini nitajuaje?

Kwenda gari lilikwenda. Lilikohoa kidogo, nikalilaumu kwa uzee. Nikachukua tairi, nikaliweka nyuma, na mvua kubwa ya masika ikaanza kabla sijafunga buti. Niliporudi, njia nzima gari lilitoa moshi mweupe na kugonga kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Nilipofika bondeni Jangwani likazima. Nikapiga stata. Likashika, likazima tena. Maji yalikuwa yameshaanza kukatiza barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, na mimi kwa ukaidi wangu nikaendelea kupiga stata, nikilitukana gari, nikiliomba, nikilitukana tena. Yalipofika kwenye miguu yangu bado nilikuwa napiga. Kisha nikasikia mlio mmoja mbaya ndani ya injini, wa chuma kukataa, na hapo halikujibu tena. Wanaume wawili waliokuwa wanavuka walinitoa kwa kunivuta mkono. Niligeuka nikiwa juu ya tuta nikaona maji yamefika kwenye vioo.

Nilimwambia Baba ni mvua. Wakati huo niliamini hivyo mwenyewe. Hakunigombeza. Aliuliza kama nimeumia, nikasema sijaumia, akafumba macho na kusema tuna bima kubwa. Hiyo bima aliilipa kila mwaka bila kuchelewa hata mwaka ambao hatukununua nguo, na mama yangu alikufa akimlalamikia. "Watalitengeneza," alisema. "Ndiyo kazi yao."

Kesho yake asubuhi, ofisini, dereva alinifuata mezani kwangu. Alinong'ona kwamba jana alipita nyumbani hakukuta dumu, akajua nimepata kwingine. Nilimtazama bila kumwelewa. Halafu nikaelewa kitu kimoja kimoja, kuanzia moshi mweupe kurudi nyuma mpaka ukumbini. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilitembea kutoka Posta mpaka Kariakoo na viatu vya kisigino.

Nilimkuta Bibi uani anachambua mchele. Hata shikamoo sikumpa. Nilimuuliza nani amejaza dumu la bluu.

"Mimi, mwanangu," alisema, na alitabasamu. "Jana yalikuja mafuta ya taa. Nikalikuta dumu lenu limekaa bure ukumbini, nikakimbia nalo. Lilikuwa la tatu kwenye foleni."

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Lakini nilichomfanyia yule mama siku ile si hasira, ni unyama. Nilimwambia amemuua baba yangu. Nilimuuliza nani alimtuma, nani alimpa ruhusa ya kugusa vitu vya watu, nani alimwambia mimi nina shida ya mafuta ya taa. Wapangaji walitoka vyumbani. Alianza kunieleza kitu kuhusu Baba, akasema, "Mwanangu, baba yako ali…" nikamkata. Nikamwambia asimtaje baba yangu. Akabaki na ungo mapajani, mchele nusu umechambuliwa. Tangu siku hiyo hakuingia tena chumbani kwetu. Uji wa Baba, ambao alikuwa akiupika kila asubuhi mimi nikienda kazini, aliendelea kuupika, lakini aliuacha kizingitini umefunikwa na sahani.

Gari lilikokotwa mpaka kwa fundi mmoja wa Gerezani, karibu na reli, mtu mfupi mwenye maneno machache. Alifungua tangi, akanusa, akanitazama. Sikumficha. Alisema mafuta ya taa yenyewe yasingeua gari; angeyamwaga, akasafisha, likawaka. Kilicholiua ni mimi kupiga stata ndani ya maji, injini ikanywa maji na rodi mbili zikapinda. Halafu akasema neno nililolishika kwa mikono miwili: "Linatengenezeka." Rodi alijua pa kuzitoa. Matope yangeoshwa, viti vingekauka. Alitaka wiki nne. Nilihesabu wiki nne dhidi ya uso wa Baba nikaona tunaweza kuwahi.

Basi wakaja watu wa bima. Aliyekuja ni afisa mmoja wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi, daftari kwapani. Alizunguka gari, akaona matope yalipofikia, akaona injini imeshushwa juu ya gunia, akaandika. Hakunusa tangi. Siku tano baadaye aliniita ofisini kwake akanipa pole na akanipa habari ambayo yeye aliiona njema. Gari limefutwa. Maana yake, alinieleza kwa upole, ni kwamba shirika limeona gharama ya kulitengeneza inapita thamani yake, kwa hiyo mzee atalipwa thamani ya gari zima, na mabaki yatakuwa mali ya shirika, yatauzwa kwa zabuni.

Nilimwambia hatutaki pesa. Alidhani hajasikia vizuri. Nilimwambia tunataka gari, hata hivyo lilivyo, na fundi tunaye. Alitikisa kichwa. Dai limeshapokelewa, mzee ametia sahihi, utaratibu ni huo. Nilimuuliza kwa hizo pesa nitanunua gari gani, na wapi, kwa kibali cha nani. Aliinamia faili, maana alikuwa anaishi mji uleule. Nilimweleza kuhusu Baba, kuhusu godoro, kuhusu nyumbani. Nililia mbele yake mpaka akainuka kwenda kufunga mlango.

"Ndugu yangu," alisema, "mabaki yangebaki kwenu kama dai lingekataliwa. Lakini dai lenu ni zuri. Ni mafuriko. Hakuna wa kulikataa."

Aliyasema hayo kunifariji. Nilitoka pale na wazo limeshaingia. Bima hailipi mtu aliyetia mafuta ya taa kwenye gari la petroli kwa mkono wake mwenyewe. Nikiungama, watatukatalia, na wakitukatalia gari ni letu.

Lakini kuungama siku zile hakukuwa jambo dogo. Redioni walikuwa wanatajwa wahujumu uchumi kila jioni, na watu walikuwa wanamwaga sukari chooni kwa kuogopa kukutwa na kilo zaidi ya mbili. Mwenye dumu la petroli ya magendo nyumbani alikuwa na la kujibu. Mwenye nyumba ambaye ukumbi wake una madumu ya mafuta ya taa ya watu sita alikuwa na la kujibu pia. Nilimfikiria Bibi kwa usiku mmoja mzima. Nilikuwa bado nimemnunia, lakini kumpeleka polisi kwa sababu ya ukarimu sikuweza. Siku ya pili nilikaa kwenye mashine ya ofisi, nikapiga chapa barua ya ukurasa mmoja, safi, bila kosa hata la nukta. Niliandika kwamba mafuta ya taa niliyanunua mimi na kuyatia mimi, kwamba nilikuwa nimeweka petroli nyumbani kinyume cha sheria, na kwamba shirika lisitulipe kitu. Kwa mara ya kwanza maishani niliandika uongo ili nionekane mbaya.

Afisa alisoma mara mbili. Alitazama mlango, akavua miwani.

"Umeandika hii ukiwa na akili zako?"

Nilimwambia ninazo zote.

"Mzee anaumwa, wewe hujalala, na umepata ushauri mbaya mahali," alisema. Aliikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama bahasha ya dawa, akaichana vipande na kuvitia mfukoni mwake, si kwenye pipa. "Hii sijaiona. Nenda kamuuguze baba. Faili lako nitalipeleka mimi mwenyewe ghorofani, alipwe mapema."

Nilimshika mkono nikimsihi asifanye hivyo. Alidhani namshukuru. Aliupigapiga mkono wangu kwa huruma ya kweli, na mpaka leo nikikumbuka uso wake sioni hata tone la ubaya. Alikuwa ameniokoa na jela, alikuwa ameharakisha faili, na huenda jioni hiyo alikula chakula chake akiwa na amani ya mtu aliyetenda wema. Nimewahi kuwachukia wala rushwa, lakini si kama nilivyomchukia yule bwana asiyekula rushwa.

Nilikwenda ghorofani kumtafuta mkubwa wake. Nilikaa kwenye benchi siku tatu. Yupo mkutanoni, ametoka, njoo kesho. Siku ya nne nilipitia Gerezani kwanza kumwambia fundi asubiri mpaka nimwone mkubwa huyo, nikakuta mahali pa gari pana doa la oili na gunia tupu. Walikuja asubuhi na lori, fundi alisema, na orodha mkononi. Walichukua kila kitu mpaka nati, na lile tairi la Magomeni pia, kwa sababu lilikuwa ndani ya gari. Alisimama akinitazama, akapangusa mikono ambayo haikuwa michafu. Gari lile nililiona tena baada ya mwaka hivi, limepakwa kijani, likipita barabara ya Msimbazi na familia ya mtu mwingine ndani. Lilikuwa linatengenezeka kweli.

Nilijaribu njia nyingine zote. Nilikwenda kwa kila Mchaga mwenye duka au lori pale Kariakoo niliyejua jina la kijiji chake. Walinipa pole, walinipa chai, walimtumia Baba machungwa. Hakuna aliyekuwa na petroli ya kwenda na kurudi, na mwenye lori la mizigo aliniambia wazi kwamba mgonjwa akimfia njiani atakuwa na kesi kila kizuizi. Siwalaumu. Nilichowaomba kilikuwa kikubwa, nami niliomba nikiwa nimesimama mlangoni kama mtu anayedai.

Ilibidi nimwambie Baba. Alikuwa bado anauliza gari limefikia wapi, na mimi bado nilikuwa najibu kuhusu rodi. Lakini kwetu ukiwa na kosa zito hulisemi mikono mitupu. Kuna mmea unaitwa isale, majani marefu ya kijani, unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Ukimkosea mtu kosa lisilosemeka unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nilimwona Baba akipelekewa mara moja, na mdogo wake, baada ya miaka saba ya kutosemezana. Alilipokea bila neno, akamwambia mdogo wake akae ale.

Nilikumbuka kwamba mbele ya jengo moja la Posta kuna bustani yenye mimea ya namna hiyo, imepandwa kwa urembo. Jumapili, wakati wa ibada, nilikwenda nikakata ncha moja na kuificha ndani ya khanga kama mwizi. Nilifunga fundo, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote: dumu, stata, barua, lori. Nilimwambia kwamba Bibi hana kosa, jambo ambalo sikuwa nimemwambia Bibi mwenyewe. Kisha nikampa jani.

Baba alilishika kwa vidole viwili. Alilileta karibu na macho, akalinusa, akaligeuza upande wa nyuma. Lilikuwa na mstari wa njano katikati, la kwetu halina. Muuza kahawa alipita nje na vikombe vyake.

"Hili ni la maua," alisema.

Nikamwambia ndilo nililolipata.

"La maua halina mpaka." Akaliweka juu ya blanketi, akalisogeza kwangu taratibu. "Kaniletee la kwetu."

Sijui alimaanisha nini. Nimeigeuza kauli hiyo miaka yote hii. Siku nyingine nasikia kwamba alikataa kunisamehe. Siku nyingine nasikia mzee anayetamani harufu ya kihamba chake na hana njia nyingine ya kuiomba. Wakati ule nilisikia la kwanza tu, nikatoka nje nikakaa ukumbini sakafuni, pale pale pa dumu.

Alikufa wiki ya tatu baada ya hapo, Jumanne asubuhi, uji ukiwa kizingitini.

Na hapo ndipo nilipoijua vizuri nchi yangu na watu wangu. Kabla ya adhuhuri, mwenye lori aliyeogopa kesi alikuja mwenyewe kusema lori lipo. Kibali cha petroli ya msiba kilitoka siku hiyo hiyo, na mihuri yote. Wachaga wa Kariakoo walijaa ukumbini wakachanga, wakapanga nani atapanda, wakaleta godoro la kuwekea jeneza lisigonge. Mgonjwa alikosa lita moja, maiti akapewa tangi zima. Hundi ya bima nayo ikafika, afisa akiileta kwa mkono wake, amevaa tai nyeusi. Nilimpokea kwa adabu. Hundi hiyo ndiyo iliyonunua jeneza na mashuka, kwa hiyo kwa namna fulani Baba alisafiri kwa gari lake.

Tulimzika kihambani, chini ya mbingu ya ukungu. Watu walipokwenda kula nilishuka mpakani na kisu, nikakata isale, la kijani tupu, zito, lina umande. Nikalifunga fundo. Nikasimama nalo. Kaburi lilikuwa hatua chache tu na bado sikuweza kuliweka juu yake, kwa sababu isale hupokewa kwa mkono, na mkono haukuwepo. Nililia pale kwa sauti, peke yangu, mpaka shangazi akaja kunichukua.

Nilirudi nalo Dar, likiwa ndani ya gazeti lenye maji. Nilifika asubuhi, nikapita ukumbini moja kwa moja mpaka uani na mzigo begani. Bibi alikuwa anaosha sufuria. Nilimpa shikamoo, ya kwanza baada ya miezi miwili, nikampa isale. Aliitika marahaba, akalipokea kwa mikono miwili kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaliangalia asijue ni kitu gani. Aliuliza kama ni dawa. Nilitaka kumweleza, lakini nikasema ni la kupanda.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Baba yako alikuwa anaogopa giza. Wewe ukilala alikuwa anapunguza utambi, mafuta yasiishe. Aliniambia taa ikizimika hajui kama bado yupo. Ndiyo maana nilikimbia na lile dumu."

Alinyanyuka akaingia stoo, akarudi na dumu la bluu, ambalo mimi nilidhani limeshatupwa. Alikuwa amelikata juu kwa kisu na kulisugua kwa majivu. Akajaza mchanga na udongo wa uani. Alipotaka kuchomeka lile isale aliona fundo, akauliza jani la watu mmelifungia nini, litakuaje hivi, na akaanza kulifungua kwa kucha, polepole, asilichane. Nikamwacha alifungue.